Siku Nilipomvisha Mama Diski

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu, na kwa maneno nitakayoyaandika vibaya. Shule niliachia darasa la nane, na hata nikiwa huko, mwalimu alikuwa akifuta ubao mimi sijamaliza kunakili. Naandika polepole. Lakini ni heri niandike, maana nikisimama kuongea mbele ya watu sauti hunikauka.

Wiki jana jirani yetu alikuwa akipiga randa mbao za saipresi. Harufu yake iliingia hadi jikoni, nikaacha sufuria kwenye maji nikasimama tu. Ilinirudisha kwenye ukumbi wa parokia yetu, huku upande wa Njoro, Jumamosi moja nikiwa mtoto.

Mwalimu Chege, aliyefundisha kwaya, alikuwa ametunga mchezo wa nyimbo na vichekesho juu ya shule ya masista ya zamani. Ungechezwa sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Aliamua kwamba wazazi ndio watakuwa wanafunzi, na sisi watoto tuwe walimu.

"Mtoto akivaa kaptura nani atacheka?" alituuliza. "Lakini ngojeni Baba Shiko avae!"

Baba Shiko alikuwa na bucha sokoni, na tumbo lake lilikuwa likiingia mlangoni kabla yake. Siku hiyo ya kuchagua wachezaji aliambiwa alie kama mtoto wa darasa la kwanza aliyeachwa shuleni. Alilia kwa sauti ya ng'ombe mpaka mlinzi akaja mbio kuuliza kuna nini.

"Umepita, buda!" Mwalimu Chege akamwambia, akijifuta machozi. "Keti dawati la mbele."

"Hili dawati litanibeba kweli?"

"Likivunjika tutakuchapa," akasema Kevo, mtoto mdogo kuliko sisi wote, aliyekuwa amechaguliwa kuwa Padre na tayari alikuwa akibariki kila aliyepita.

Mimi nilijificha nyuma ya wenzangu nikiomba nisionekane. Mwalimu akanivuta mkono. "Nekesa atakuwa Sista Mkuu. Haongei kabisa. Sista asiyeongea ndiye anaogopwa." Watu wakacheka, nami nikafungwa kitambaa cheupe kichwani. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kutembea katikati ya madawati nikiwa na diski mkononi, na kumvisha mwanafunzi yeyote aliyesikika akitumia lugha ya mama.

Kama hamkuwahi kusoma shule kama yetu, diski ilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, cha kuvaa shingoni. Ukiongea lugha ya kwenu unavishwa, unatembea nayo ukichekwa, hadi umsikie mwingine umpe. Aliyebaki nayo jioni aliadhibiwa. Ile ya mchezo fundi alikuwa ameikata asubuhi hiyo, na bado ilinuka mti. Kila aliyekuwa ukumbini wakati huo aliijua diski, kwa hivyo hakuna aliyeeleza.

Mama alifika akiwa amechelewa, kwa sababu alikuwa akikamua ng'ombe katika shamba moja kubwa na maziwa hayangoji. Mwalimu Chege alimpokea vizuri.

"Mama Nekesa, wewe nimekuwekea mpishi. Utasonga ugali ukiimba."

Mama alikataa kwa kichwa. "Ugali nasonga kila siku, Mwalimu. Mimi nataka kukaa darasani."

"Madawati karibu yajae, mama."

"Si unijaribu tu kwanza."

Sikuwahi kumsikia akiomba kitu mbele ya watu. Mama hakuwahi kusoma hata darasa moja. Alipokuwa mdogo kule magharibi alikaa nyumbani kulea wadogo zake, na sasa kila aliporudi kutoka mikutano ya wazazi shuleni kwetu alikuwa akisimulia madirisha ya shule yalivyo makubwa. Nilitaka apate dawati hilo kuliko nilivyotaka kitu chochote.

Mwalimu akamwambia aimbe wimbo wowote. Mama akafunga macho na kuuimba ule wa kukamulia ng'ombe, kwa Kiluhya, polepole, hadi Baba Shiko akaacha kuchezea kiti. Alipomaliza, Mwalimu Chege akanikonyeza. "Sista! Kazi yako!"

Nikaenda. Mama aliona nakuja na ile mbao mpya, akatabasamu, akainamisha kichwa nimfikie. Nilipomvisha shingoni aliinuka, akaishika kwa vidole viwili kama medali, akaugeukia ukumbi wote.

"Asante sana, Sista."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Kevo alilala sakafuni. "Haki huyu mama ni moto!" mtu akapiga kelele. "Mpeni dawati!" Mwalimu Chege akampa, na mama akaketi mgongo ukiwa wima, akicheka na wenzake. Ni mimi tu niliyekuwa sichezi wala sicheki, kwa sababu nilijua mama hakuwa akiigiza.

Tulirudi nyumbani kando ya mashamba ya ngano, naye bado ameivaa. Alisalimia kila tuliyekutana naye. Wanawake wawili waliotoka kuteka maji walitazamana, wakaangua kicheko walipokwisha kutupita. Mama akapunguza mwendo.

"Nekesa, hii zawadi wanacheka nini?"

Nilitamani kunyamaza. Lakini mbele yetu kulikuwa na maduka, na vijana wa maduka wana midomo. Nikamwambia yote. Mama aliivua, akaitazama pande zote mbili, akaitia ndani ya leso.

"Wewe umewahi kuvishwa?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa umesema nini?"

"Nilianguka nikaumia goti. Nikaita *mayi*."

Huko kwetu ndivyo tunavyomwita mama. Akakaza fundo la leso, tukaendelea hadi nyumbani. Akapika, tukala, nami nilijua hatarudi tena ukumbini, na kwamba dawati lile nimempokonya kwa mdomo wangu.

Siku ya mazoezi ilipofika alinawa, akavaa leso safi, akanirudishia diski, akasema, "Twende, tusichelewe."

Mwalimu Chege alimkimbilia mlangoni. "Mama Nekesa, juzi ulitumaliza! Leo ufanye vile vile."

Aliimba. Nikaitwa. Nikatembea miguu ikitetemeka, na mama akanitazama usoni, akatabasamu, akainama. Nikamvisha. Akasimama, akaishika kwa vidole viwili, akapaza salamu ya kwetu: "Mulembe!" Waluhya waliokuwemo wakaitika. Baba Shiko akaruka juu na kuanza kuimba Kikikuyu, akidai na yeye apewe. Mzee mmoja wa Olenguruone akafuata kwa Kikalenjin, naye akidai iwe zamu yake. Mwalimu Chege alishika kichwa, kisha akaketi kando akacheka, na siku ya sikukuu tulicheza hivyo hivyo: darasa zima la watu wazima likigombania diski, na mimi Sista nikikimbizwa ukumbi mzima.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama alikuwa amesahau nilichomweleza njiani. Nilifurahi hivyo, kwamba ule ukweli umempita kama upepo. Sura yake siku ya pili ilikuwa ile ile ya siku ya kwanza, na mtoto anaamini sura. Sasa nimekuwa mtu mzima, nami najua hakusahau hata neno moja. Siku ya kwanza aliinama kwa sababu hakujua. Siku ya pili alijua kila kitu, akaona miguu yangu inavyotetemeka, akainama chini zaidi ili nisiogope kumfikia.

Hayo ndiyo yangu, na mkono umechoka. Kama nawe uliwahi kuvishwa ile mbao, tafadhali niandikie. Usijali mwandiko, mmeuona wangu. Niambie tu ni neno gani ulikuwa umesema.