Corbessac wa Tatu

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi, mchana kweupe, mlangoni mwa jengo letu hapa Flemingdon Park, Toronto.

Mume wangu Luc ni Mfaransa wa ukoo wa Corbessac. Jina hilo lilianzia kijiji kimoja chenye kinu cha maji kusini mwa Ufaransa. Kijiji kilihamwa, kinu kikaanguka, jina likabaki kwa watu wachache mno. Hata huko kwao leo utazitafuta nyumba za akina Corbessac mpaka uchoke, na Toronto nzima tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Luc alikuwa akimwandikia barua kila Corbessac aliyesikia habari zake, na ndivyo alivyompata mke wake wa kwanza, Odile. Hawakuwa na udugu wa kuzuia ndoa. Odile alifariki kabla sijamjua Luc. Lakini niambie, wewe usingeona wivu? Mimi jina nililipata kwa cheti cha ndoa. Yeye alizaliwa nalo.

Jumamosi moja nikirudi kutoka dukani, nilimkuta mama wa Kizungu amesimama mbele ya ubao wa kengele, anapitisha kidole kwenye majina ya wapangaji. Kidole kikakoma kwenye letu.

"Mko wangapi?" akaniuliza.

"Wawili," nikamjibu kwa ukali. Nilidhani ni kimada.

"Watatu," akasema, akilitazama tumbo langu. "Huyo ni msichana. Mpe jina langu, nisiishe. Naitwa Odile."

Amini usiamini, theluji nje ilifika vifundoni na viatu vyake vilikuwa vikavu. Funguo zikaniponyoka. Nilipoinuka baada ya kuziokota, hakuwepo, na mlango haukuwa umefunguliwa.

Mwingine angekimbia. Mimi nilipandwa na hasira. Hata mtoto anamtaka? Wiki iliyofuata nikapima, na kweli nilikuwa na mimba. Luc sikumwambia habari za mgeni.

Msichana akazaliwa asubuhi, nikamwita Akinyi, jina la Kijaluo la mzaliwa wa asubuhi. Akaanza kulia, na daktari hakuona ugonjwa. Mama akanipigia simu kutoka kwetu Siaya, Kenya.

"Mwanangu, huyo analilia jina. Kuna marehemu anataka kuitwa."

Sisi Wajaluo tunalijua hilo. Mtoto hutajiwa majina ya waliokufa, na likifika lake hunyamaza. Mama akayataja ya kwetu yote kwenye simu. Mtoto analia tu.

"Na upande wa baba je?"

"Hakuna," nikasema. Nilimdanganya mama yangu mzazi kwa sababu ya wivu, na mwanangu akalia siku tisa, mpaka sauti ikamkauka na ziwa akalikataa.

Siku ya kumi niliogopa atanifia. Nikamwinamia nikasema, "Odile." Akanyamaza hapo hapo, akanyonya.

Sasa ana miaka minne. Luc akirudi kutoka kazini huita, "Odile, mpenzi wangu," kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuitwa nayo. Mtoto humkimbilia, wakakumbatiana mlangoni, nami nabaki jikoni na mwiko mkononi, namwonea wivu binti niliyemzaa mwenyewe.

Kwa hiyo wewe unayeolewa na mwanamume aliyefiwa, nisikilize. Marehemu akikuomba kitu, mpe siku hiyo hiyo, kwa moyo mweupe. Ningempa Odile alichotaka siku ile nilipoombwa, pengine angetosheka na jina tu.