Kimondo kilitukuta alfajiri shambani, mimi na jirani tukigombea mpaka (Kilosa)

Wakuu, habari za saa hizi. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na kwa jinsi yanavyoniaibisha mtajua sijatunga.

Nina shamba la mahindi njia ya Kilosa kwenda Mikumi. Jirani yangu ni Mzee Masanja, mfugaji, Msukuma, kanisani kila Jumapili. Tulikuwa na kesi ya mpaka, na siku hiyo saa nne tulitakiwa baraza la kata.

Saa kumi na moja alfajiri nikaenda kuangalia shamba. Nikakuta ng'ombe wake ndani ya mahindi, na mwenyewe amesimama na fimbo.

Hasira ilinipanda, lakini mkubwa ni mkubwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, jirani."

"Ng'ombe wako wanakula mahindi yangu."

"Wameponyoka zizini. Na wewe umelima kwangu."

"Mpaka ni hii mikonge, mzee. Iko hapa tangu enzi za babu."

Hapo hapo anga likawaka.

Mwanga mweupe wenye ukijani, unatoka upande wa Kilosa kuelekea Mikumi, unamegeka vipande. Niliona mpaka kope za ng'ombe. Na hakuna sauti yoyote.

Mzee akapiga magoti. Mimi nikatafuta Kibla, nikaikosa kwenye shamba langu mwenyewe, nikapiga magoti kumwelekea yeye.

"Jirani, nisamehe," akasema. "Ng'ombe hawakuponyoka. Nimewaingiza."

"Na mimi nisamehe, mzee. Mikonge niliihamisha. Hatua mbili."

Mwanga ukazimika. Giza, kimya. Nikaanza kujuta kuwahi kuongea.

Kama dakika mbili hivi ukaja mshindo, ardhi ikatetemeka.

"Na wiki iliyopita niliwaingiza pia," mzee akasema haraka.

"Hatua tano," nikasema. "Sio mbili."

Basi. Hakikutokea kingine. Majogoo wakawika, kukapambazuka. Nikacheki simu, network ipo, nikajua dunia bado ipo.

Mzee akaniangalia. "Tano?"

"Tano, mzee."

"Lete jembe."

Tukawatoa ng'ombe, tukaing'oa mikonge na kuirudisha. Hatua alipima yeye, na ana miguu mirefu yule mzee. Tano zake ni kama saba zangu.

Saa nne tukaenda kata pamoja, tukasema tumeelewana. Mtendaji akauliza nani katupatanisha. Tukatazama chini wote wawili.

Baadaye mwalimu mmoja wa huko Mabwerebwere akanielewesha kwamba kile ni kimondo, na mshindo huchelewa kwa sababu mwanga unawahi kuliko sauti. Ningelijua hilo mapema, hatua tatu ningebaki nazo.

Ila nikiri tu, usingizi ninaoupata sasa sikuwa nao. Na juzi mzee kaniletea maziwa, mara ya kwanza tangu tuwe majirani.

Nilichojifunza: haki ya mtu irudishe ukiwa na akili zako, usisubiri anga liwake. Ukishikwa na hofu hata kupunguza hatua huwezi.

Wa Kidodi na Mikumi mliokuwa macho asubuhi ile, nyie mliungama nini, na kwa nani?