Msomaji Aliyeandika Pembezoni

Mwanangu, umeniambia unawaandikia riwaya watoto wa Masaka, nami nimefurahi mpaka chai imepoa. Lakini nakumbuka siku moja ya mwaka tisini na tatu ambayo bado hainitoki, nisikilize kwanza.

Nilikuwa mwalimu kijana pale Kagarama, nikifundisha watoto maskini waliokosa nafasi ya sekondari. Kushona, kulima, basi. Kabati letu lilikuwa na riwaya za Kifaransa, zote za watoto wanaoteleza kwenye theluji, na hakuna aliyezigusa. Msichana mmoja wa miaka kumi na minne, Jeanine, aliniuliza, "Mwalimu, mbona kwenye kitabu hakuna mtoto wa huku kwetu?"

Nikaandika riwaya mwenyewe, kwa mkono, kwenye daftari. Msichana wa hadithi nikamwita Jeanine, nikampa nyumba yake ileile na baba yake fundi baiskeli. Kila wiki sura moja, na daftari likazunguka nyumba hadi nyumba. Watoto waliokuwa hawasomi chochote wakawa wanagombania zamu. Kichwa kilinivimba, sikufichi.

Kisha daftari likarudi na maneno ya penseli pembezoni. Nilikuwa nimeandika kwamba nyumba ya kina Jeanine ni ya tatu kutoka kisimani. Mtu alikuwa amesahihisha: "Si ya tatu. Ni ya nne." Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu mzima. Nilicheka, nikaona nimepata msomaji makini. Wiki iliyofuata: "Kaka zake wangapi?" Watoto wote walisema walilikuta hivyohivyo. Na mimi, mjinga mimi, nikamjibu ndani ya sura mpya: kaka wawili, wanalala chumba cha nyuma. Likaja swali la tatu: "Baba anarudi saa ngapi?"

Nilikuwa nimeshika kalamu nimjibu alipoingia Mzee Anastase, katekista mstaafu, kuazima daftari. Alisoma amesimama mlangoni, halafu akalifunga.

"Nani anauliza hivi?"

"Msomaji tu, mzee."

"Msomaji anauliza hadithi itaisha namna gani. Huyu anauliza mlango iko wapi." Akanitazama kwa hasira na huruma. "Sisi zamani wauaji walikuja na karatasi, mwanangu. Majina yetu ilikuwa juu yake. Wewe umewaandikia."

Ulikuwa wakati wa kabila kuandikwa kwenye kitambulisho, na majirani wengine walikuwa wameshaacha kuitikia salamu za kina Jeanine kwa ajili ya kabila lao. Nilijua hayo yote, na bado niliandika. Nilitazama barabarani; watu walikuwa wakipita mchana kweupe, wakisalimiana, na yeyote kati yao angeweza kuwa na ile penseli mfukoni.

Alasiri hiyohiyo nilimpelekea baba yake Jeanine daftari. Alisoma pembezoni mara mbili, kisha akauliza, "Imeanza lini?" Nikamwambia wiki tatu. Kabla wiki haijaisha walikuwa wameondoka kwenda kwa shangazi yao Tanzania. Jeanine hakuniaga, na sikumlaumu.

Daftari nililichoma. Nikaandika jingine: jina la kubuni, bonde lisilo na jina, lakini njaa ileile, sare iliyochanika ileile, kicheko kilekile. Watoto walilisoma kwa hamu ileile, kila mmoja akiapa kwamba ni yeye anayesemwa. Pembezoni hapakuandikwa kitu tena. Sikujua kama yule mtu alichoka, au alikuwa ameshapata alichotaka.

Jibu lilikuja mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, mauaji yalipoanza. Jirani aliyekuwa amejificha alinisimulia baadaye. Waliokuja hawakuuliza njia. Walipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, wakasimama kwenye ya nne, wakaenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Hapakuwa na mtu.

Basi waandikie, mwanangu. Mtoto maskini ana haki ya kujiona kitabuni, na usikubali mtu akwambie vinginevyo. Mpe maisha yake, lakini anwani yake mwachie mwenyewe. Na atakayetaka kujua zaidi ya hadithi, muulize kwanza yeye ni nani. Mungu aibariki kalamu yako, awalinde watakaokusoma, nawe akujalie kuwaona wakikua.