Mvivu wa Ukutani kwa Gichuru

Kama ulipita Gatina, mtaa wa Nairobi, miaka ile ya tisini, wakati ujenzi ulipolala, basi Ojwang ulimwona. Ulimwona, ila labda hukumtazama. Alikuwa mmoja wa wale wanaume waliokaa kila asubuhi chini ya ukuta wa Gichuru, mwenye duka la misumari, majembe na simiti, wakingoja nyapara aje achague watu wa mjengo. Mtu mrefu, kofia ya kijani iliyopauka, mabega ya aliyebeba mawe tangu ujana wake. Zamani aliishi Kibera, akahamia Kabiro na mkewe Magdaline kwa sababu moja tu: kutoka Kabiro angefika pale ukutani kabla wenzake hawajanawa uso. Sasa huyo ni mvivu? Hebu niambie wewe.

Balaa ilianza na mchoraji. Kavoi, Mkamba mmoja mpole ambaye kucha zake hazikuwahi kutoka rangi, ndiye aliyechora mabango ya vinyozi na vioski vyote vya mtaa. Gichuru alimwita amchoree ukuta mzima. Alitaka watu wawili wakubwa, mmoja akilima, mwingine amekaa tu, ili anayepita aone, aone haya, aingie anunue jembe. Na yule wa kulima awe na sura ya Gichuru mwenyewe. Haya, ukuta ni wake. Gichuru jembe alilijua kwa kuliuza, lakini nani angethubutu kumwambia?

Kavoi akatafuta mtu wa kumtazama ndipo amchore yule wa kukaa. Macho yakamwangukia Ojwang.

"Omera, niaje? Kuja unikalie hapa kwa jiwe nikuchore. Chapo madondo na soda ni juu yangu."

Ojwang alifurahi, kwani wiki hiyo hakuwa ameitwa na nyapara hata mmoja, na kazi ni kazi. Akakaa.

"Shika tama," Kavoi akasema.

Hapo Ojwang akasita. Kwao ziwani mtu hashiki tama ovyo. Anayeegemeza shavu kiganjani ni aliyefiwa, na asiyefiwa akifanya hivyo anaita msiba nyumbani. Magdaline alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Akimkuta mumewe ameshika shavu, hata kwa uchovu tu, alimpiga kofi mkononi: "Toa hapo! Nani amekufa?" Lakini Magdaline hakuwepo, na yale maharagwe ya madondo yalikuwa yananukia. Akashika tama.

Na usidhani kukaa ni rahisi! Jua lilimchoma kisogo, nzi wakamtembelea pua, mguu ukafa ganzi, na kila akijaribu kujikuna Kavoi alipiga kelele, "Usitingike!" Jioni alirudi Kabiro amechoka kuliko siku za kukoroga simiti. Alimweleza mkewe kwa fahari kwamba amepata kazi ya kuchorwa.

"Wanakuchora ukifanya nini, Baba Whitney?"

"Nimekaa tu."

Ile habari ya shavu aliimeza na chai.

Maneno ya ukutani yaliandikwa mwisho, na Ojwang aliyakuta asubuhi alipofika kungoja. Juu ya Gichuru aliyeinua jembe paliandikwa MCHAPAKAZI, na miguuni pake: mchumia juani hulia kivulini. Juu ya kofia ya kijani iliyopauka paliandikwa MVIVU, na chini ya jiwe: ajizi nyumba ya njaa. Ojwang alisoma, akarudia kusoma. Maisha yake yote alichumia juani, na kivuli pekee alichowahi kupata ni cha ukuta huo huo.

Lo, mtaa ulicheka! "Mvivu, sasa?" wakamsalimu. Sella, mama wa mboga, alisema Kavoi amemtoa vizuri hadi mkunjo wa shati. Nyapara Kagiri, ambaye zamani alimwita kwa jina, alipokuja kuchagua watu alinyoosha kidole ukutani: "Aa, wewe si ndiye yule? Mjengo wangu hautaki watu wa kulala." Wote wakaangua kicheko. Siku ya kwanza ulikuwa utani. Baadaye ikawa desturi kumruka, na manyapara wengine wakaiga bila hata kucheka.

Ojwang akaenda kwa Kavoi. "Umeniua, ndugu yangu. Mke wangu ndiye anatulisha kwa kufulia watu nguo. Nichore upya nikifanya kazi."

Kavoi aliona haya kweli. Aliweka brashi chini. "Maneno ni ya Gichuru, si yangu. Lakini sikia. Babangu alikuwa mchongaji kule Ukambani. Alichonga akina mama wamebeba kuni, na watalii waliwanunua wote. Kazi iko na umbo, unaona? Mgongo umepinda, mkono uko juu. Kule misheni nilikosoma kulikuwa na picha za Wazungu wa kale, na hata wao ni vile vile. Mwenye bidii ameinama, mvivu ameketi kashika shavu. Tangu zamani na zamani tunachora hivyo. Sasa mtu anayengoja kazi nitamchora vipi? Kila nikijaribu anatoka mvivu."

"Na hao wachoraji wa kale, nani aliwalipa?"

Kavoi akacheka bila furaha. "Mwenye ukuta."

Basi Ojwang akamwendea mwenye ukuta. Gichuru alimpokea vizuri, hata akampa kiti, jambo lililomtia Ojwang wasiwasi zaidi.

"Mzee, nakuomba ufute neno moja tu."

"Kwani wewe ni mvivu?"

"Hapana, mzee."

"Basi yule si wewe. Ni mvivu tu. Angekuwa wewe, ningefuta."

Ungejibu nini? Ojwang aliaga, akatoka, na nje yule mwingine wa ukutani alikuwa amekaa vile vile, madondo yake hayajaisha tumboni.

Tangu siku hiyo aliapa hakuna jicho litakalomwona ameketi. Aliazima sepetu kwa jirani, akaiweka begani na kutembea kutoka Kabiro hadi Gatina, Gatina hadi stendi ya matatu ya Kawangware 46, kisha kurudi, kwa hatua za mtu aliyeitwa mahali na anachelewa. Alitoka jasho. Viatu vikaisha. Magdaline alimuuliza, "Unaenda wapi kila siku na hiyo sepetu?" naye akajibu, "Natafuta," bila kusimama, maana aliona kusimama ni nusu ya kukaa. Maskini! Alichapa kazi ya kuonekana anachapa kazi.

Ndipo kazi kubwa ikaja. Magorofa ya kupangisha yalikuwa yajengwe, kazi ya miezi na miezi, na nyapara ni Kagiri. Asubuhi hiyo Kagiri alifika ukutani akachukua kila aliyekaa pale, hata Billy ambaye pombe ya jana ilikuwa bado inamwongoza. Ojwang alipopata habari alikimbia hadi kwenye mjengo, sepetu begani.

"Ojwang!" Kagiri akasema, tena kwa upole. "Kusema kweli wewe ni mtu wa kazi, ile ya ukuta ilikuwa mchezo. Leo nilitaka kukuita. Lakini nikakuona ng'ambo ya barabara na sepetu, unakimbia, nikajua huyu ashapata. Ningekusumbua kwa nini? Sasa nimejaza, pole sana."

Ojwang alisema asante. Asante ya nini hata hakujua. Hasira ingemsaidia, lakini angemkasirikia nani? Wahenga walisema kupata si werevu na kukosa si ujinga, nao hawakusema mtu afanye nini baada ya kukosa.

Alirudi Gatina. Pale chini ya ukuta hapakuwa na mtu, wote walikuwa kazini. Akaegemeza sepetu, akakaa juu ya lile jiwe, na mkono ukapanda wenyewe hadi shavuni. Waliopita walimwangalia, wakaangalia ukutani, wakamwangalia tena. Hakuwa na nguvu za kujali.

Magdaline alimkuta hapo akitoka kufua, beseni mkononi, vidole vimekunjamana kwa maji. Ojwang alimwona akija na akangoja lile kofi la mkononi. Alilitaka, kwa kweli. Magdaline aliutazama ukuta, akamtazama mumewe. Kisha akaweka beseni chini, akaketi kando yake kwenye jiwe, na yeye pia akashika tama.