Snaipa ya Aboud na Baba wa Simu

Juzi nilikuwa napita mtaa wa Langoni, fundi mmoja yuko kibarazani anaitia mafuta cherehani yake. Harufu ile nyepesi ilinifika puani nikasimama. Fundi akadhani nina nguo ya kushonwa. Nikamwambia hapana, nikabaki pale pale kama mtu aliyeitwa jina lake. Nyinyi nitawaambia nilichokumbuka.

Nilikuwa na miaka kumi hivi, ndugu yangu Aboud ana sita, baba yetu aliporudi kutoka Uarabuni. Alipoondoka, Aboud alikuwa bado tumboni. Mimi nilibakiwa na vipande vyake viwili vitatu: ndevu zilizonichoma shavuni, kikoi cha buluu, kikohozi cha asubuhi. Aboud hakuwa na hata hivyo. Kwake, Baba alikuwa sauti iliyokaa ndani ya simu ya Mama, iliyoita kila Ijumaa baada ya sala, ikacheka, ikamwita "kamanda", ikaahidi mambo. Na ahadi kubwa kuliko zote ilikuwa snaipa.

Siku za Idi wavulana wa mtaa wetu walikuwa wakikimbizana na vibastola vya kuchezea vya kurusha punje za plastiki. Aboud hakutaka kibastola. Alikuwa ameona mahali fulani snaipa, bunduki ndefu ya kuchezea, yenye darubini juu na miguu miwili mbele, na tangu siku hiyo hakuwa na mazungumzo mengine.

Basi Baba akaja. Mtu mwembamba, ndevu zimeanza mvi, amekaa ukingoni mwa kiti kama aliyekuja kuposa. Yule msemaji wa kwenye simu sikumwona. Huyu aliomba maji kama mgeni, na akishakunywa alirudisha gilasi jikoni mwenyewe. Akafungua sanduku, akatoa snaipa, nyeusi, karibu imzidi Aboud kwa urefu.

Mama aliitazama akasema, "Kitu hichi hakitoki nde ya mlango. Askari wamejaa mjini, nani atajua ni ya kitoto?"

Aboud hakumsikia. Alivuta komeo kwa mikono miwili, akalenga ukuta, akafyatua. Punje nyeupe ikachungulia mdomoni mwa mtutu, ikaanguka mkekani, ikabiringika hadi mguuni pa Baba. Akajaribu tena. Ikaanguka tena.

Aboud aliilaza bunduki chini taratibu. Akaenda chumbani, akarudi na simu ya Mama, akanipa.

"Nipigie Baba."

"Baba gani?"

"Baba wa simu. Nataka kumwambia huyu bwana ameleta mbovu."

Mama aliziba mdomo kwa ncha ya leso. Baba alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Mimi nilitamani kumfinya Aboud, lakini ukweli ni kwamba hata mimi sikujua nimwite nani yule mtu.

Asubuhi yake nikiwa ngazini niliwasikia Baba na Mama wakizungumza. Tajiri wa Baba wa kule Uarabuni alikuwa anamtaka arudi baada ya Idi. Mama akamwambia, "Kaa. Kazi hata hapa itapatikana." Baba akajibu, "Watoto hawanijui, Zainabu. Nikae niwe nani?" Nilishuka ngazi kwa vidole.

Baada ya alasiri Baba alitandika shuka kuukuu uani, akaketi chini, bunduki mapajani. "Mwanaesha," aliniita kwa mkono niende, "ndoo unishikie hapa."

Nikaenda. Kwanza alitoa kibweta cha punje, akafyatua hewa tupu kuelekea ukutani ahakikishe hakuna kilichobaki ndani. Kisha akavaa miwani ya Mama ya kushonea, ile yenye fremu ya waridi, na mimi akanipa yake ya jua iliyonishuka hadi mdomoni. Alisema macho hayana duka. Akaomba vikombe vya kahawa, akavipanga mstari, na kila skrubu iliyotoka ikaingia kikombe chake. "Kilichotoka kwanza kitarudi mwisho," alikuwa akirudia, polepole, kama anayefundisha alifu na bee. Siku hiyo tulitoa kitako na darubini tu. Akafunika vyote kwa kawa, akasema kesho.

Kesho yake Aboud aliketi ngazini na juzuu yake, anajifanya anasoma. Hakufungua ukurasa wa pili. Baba alikuwa anatoa mtungi wa hewa kutoka ndani ya bunduki, akaniambia nibane nyuma kwa kidole gumba wakati yeye akizungusha kifuniko. Kidole changu kilikuwa na jasho. Springi ikaruka! Ikapita juu ya kichwa cha Baba, ikagonga mlango wa jiko, ikatua ndani ya sufuria ya Mama.

Mama akatokea na mwiko, springi inaning'inia, inachuruzika tui. "Haya," alisema, "leo tunakula snaipa ya nazi."

Baba alicheka. Kile kicheko cha Ijumaa, kile kile cha kwenye simu, kilijaa uani. Nikamwona Aboud ameinua kichwa. Alimtazama yule mtu mwenye miwani ya waridi kama anayesikia sauti anayoijua mlangoni.

Ugonjwa tuliukuta kwenye pistoni. Ina kipete cha mpira cha kuzuia hewa isivuje, nacho kilikuwa kimekatika. Baba akajaribu mpira wa bomba la maji, ukawa mnene, pistoni ikakwama. Akajaribu mwingine, ukalegea. Akashusha pumzi. "Hapa tumekwama, kamanda," alisema, bila kumtazama mtu.

Aboud aliteremka ngazi. Alikwenda chini ya kitanda chake, akarudi na tochi yake ya kwendea chuo cha Kurani usiku, ile aliyokuwa hamruhusu mtu kuigusa. Akafungua kichwa cha tochi, na humo, kwenye nyuzi, ile mikato ya kuzungushia, palikuwa na kipete cheusi cha mpira.

"Jaribu hichi," alisema.

Kilikaa kana kwamba kilizaliwa pale. Baba akampa Aboud kichupa cha mafuta ya cherehani, akamshika mkono, wakatia tone moja. Halafu tukarudisha vikombe nyuma, cha mwisho kwanza, na safari hii aliyekuwa anashika ni Aboud. Tulisimamisha kopo la maziwa ya unga mwisho wa ua. Aboud akafyatua, punje ikapiga ukuta karibu na kopo, tak!

Aligeuka. "Yaenda pembeni, Baba. Nifunde kulenga."

Kabla ya Idi mtutu ulipakwa rangi ya manjano iliyobaki jirani alipopaka mashua yake, ili asitokee wa kuiona dirishani akadhani ni ya kweli. Na Idi ilipokwisha simu ya tajiri ikaita. Baba alipanda nayo darini. Aliposhuka alimwambia Mama, "Nimewaambia watafute mtu mwingine," akaomba chai. Hakwenda kuimimina mwenyewe.

Miaka mingi baadaye nilimpelekea chakula kwenye banda lake la kutengeneza majokofu. Nilimkuta anafungua mashine nzima mbele ya mwenye jokofu, anapiga porojo, mikono inakwenda bila kutazamwa, na kabla sijamaliza kupanga sahani ameshafunga. Ndipo likanijia swali ambalo utotoni halikunipitia akilini.

"Baba, mbona snaipa ile ilituchukua muda wote ule?"

Akafuta mikono, akacheka kidogo.

"Nilijua ni kipete tangu punje ya kwanza ilipoanguka," alisema. "Ningekibadilisha kabla kahawa haijapoa. Halafu? Ningerudi kukaa ukingoni mwa kile kiti."