Pasi Iliyotengenezwa Upesi Mno

Nina hasira na shemeji yangu, lakini yule muuza duka ndiye aliyenitia wazimu.

Dada yangu ni fundi cherehani, mwaka wa kumi na tisa huu. Mwezi uliopita alinunua pasi mpya ya umeme. Siku ya tatu ikampiga shoti, ikamponyoka, ikamlalia kiganja cha kulia. Mkono wa mkasi huo! Daktari akasema vidole viwili huenda visikunjike tena.

Tukaenda kulalamika ofisi ya viwango. Afisa, mama wa makamo, akatwambia, "Siku hizi sheria inambana mwagizaji na muuzaji. Leteni hiyo pasi. Tukikuta kasoro, zote zinaondolewa madukani."

Tukarudi mbio nyumbani. Lahaula! Shemeji ni fundi umeme, na akiona kitu kibovu mikono inamwasha. Alikwisha kuifungua, kautupa waya uliolegea, kaunga mwingine, na bati kalisugua kwa msasa.

"Sasa haina neno," akasema, meno yote nje.

Dada akakaa chini. "Mume wangu, umetengeneza pasi, umeniharibia kesi."

Siku ya kusikilizwa, muuza duka akaichomeka palepale ofisini, akanyoosha leso yake mbele yetu. "Pasi nzima hii, mama. Labda uliishika na mikono imelowa."

Imelowa! Mwanamke aliyeshika pasi tangu wewe hujajua kufunga vifungo vya shati! Damu ilinichemka, nikataka kumrukia. Shemeji aliinamisha kichwa, machozi yanamlengalenga. Kisha akasimama.

"Afisa, dukani kwake zimo nyingine kama hii. Twende tukaone."

Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara. Maboksi yamepangwa mpaka darini. Afisa akachagua moja mwenyewe, akakata utepe, akaiweka pasi juu ya kaunta, akaichomeka bila kugusa bati. Shemeji alisimama mbali, bisibisi kaiacha nyumbani kwa amri ya mkewe.

"Haya kaka," dada akamwambia muuza duka, "ishike."

Muuza duka akaitazama, akamtazama afisa, akarudi hatua moja.

"Ngoja kwanza, mama. Hiyo bado haijapimwa."

Afisa akamwomba arudie maneno hayo polepole, akayaandika.