Kamba ya Baba Mkubwa

Nimeishi miji mingi kuliko niliyoihitaji, na kila ninapohamia nasikiliza kwanza asubuhi yake. Mwanza huamka kwa ndege wa ziwani, Tunduma kwa honi za malori. Sijapata mji unaoamka kama kijiji chetu, kule juu ya Myamba, ambako baragumu likilia mtu alishika jembe hata kama uji ulikuwa bado motoni.

Hiyo ndiyo sheria ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Pembe ikipulizwa, kila nyumba ilitoa mtu wa kuzibua mfereji, kuzoa tope kwenye ndiva tunakokusanyia maji ya mashamba, au kufukia mashimo ya barabara. Asiyetokea alitozwa faini. Aliyetokea hakurudi nyumbani kabla jembe lake halijagusa udongo, kwa kuwa kurudi nalo safi ulikuwa mkosi.

Mpulizaji wetu alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba yangu. Jeshini alikuwa mpiga tarumbeta. Alipigana vita vya Kagera, akastaafu, akarudi mlimani na mgongo ulionyooka kama mlingoti. Kisha kumbukumbu ikaanza kumtoka. Yalitangulia majina ya wajukuu, ikafuata njia ya kisimani. Akawa anapuliza pembe siku zisizo na kazi. Watu waliteremka na majembe, wakakuta hakuna kitu, na kwa kuogopa mkosi wakakwangua nyasi kando ya njia huku wakinung'unika.

"Mwaka huu njia yetu itang'aa kuliko lami ya Same," jirani mmoja alisema.

Mwishowe wakachagua mpulizaji mwingine. Pembe ya baba mkubwa ilibaki ukutani kwake, maana hakuna aliyethubutu kumnyang'anya askari.

Ndipo akaanza kupotea. Alisema anakwenda kuripoti kambini, akashuka kuelekea tambarare, tukamkuta amekaa kwenye shamba la mkonge miguu ikitoka damu. Mama mkubwa, mkewe, alilia alipomfunga kamba ya katani kwenye kifundo cha mguu, ncha ya pili kwenye nguzo ya baraza. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi, kwa hiyo kukaa naye kukawa kazi yangu. Tulifanana. Wote wawili tulitazama barabara kutwa.

Baba mdogo alitaka apelekwe kwa mganga mmoja upande wa Jipe, ambako tuliwahi kusikia wagonjwa wa namna yake hufungwa minyororo hadi pepo atoke. Mama mkubwa akasema tumsubiri kwanza daktari. Serikali ilikuwa inamtuma daktari kuzunguka milimani, kuwaona wanajeshi wastaafu waliopatwa na ugonjwa wa kusahau, kuuchunguza na kuona watatunzwaje.

"Serikali ipi, shemeji?" baba mdogo aliuliza. "Hii inayotuambia tuchangie hata bandeji?"

Hakukosea sana. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Same yalijaa sabuni na sukari tulizokuwa tukizipangia foleni, ila mifuko yetu ilikuwa mitupu, na zahanati nayo ikaanza kudai. Wakakubaliana: daktari asipofika Jumanne, Jumatano mgonjwa anashushwa Jipe.

Jumanne ikaamka na ukungu. Usiku mvua ilikuwa imeporomosha kona ya barabara chini ya kijiji. Nilikaa naye barazani, sioni hata mgomba wa jirani. Ghafla akainua kichwa.

"Landrova," akasema. "Imekwama. Dereva anaichimbia kaburi."

Mimi nilisikia matone tu. Kisha nikaisikia, mbali, injini inalia na kukatika.

"Pembe," akaamuru.

Mama mkubwa aliinuka. Akaingia ndani, akaitoa pembe ukutani mwenyewe, akampa. Baba mkubwa aliipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Huyo tena!" sauti zikatoka kila upande wa ukungu. Lakini sheria ni sheria. Walikuja na majembe, baba mdogo mbele yao.

"Leo naivunja hiyo pembe!"

"Utaivunja baadaye," mama mkubwa alimjibu. "Sikiliza kwanza huko chini."

Injini ikalia tena, na sasa kila mtu aliisikia. Mmoja akauliza tutaivuta kwa kitu gani. Mama mkubwa akainama, akafungua fundo kwenye mguu wa mumewe.

Tulipofika kwenye kona, dereva alikuwa anajaribu kurudi nyuma aelekee Same. Tukazoa tope, tukaifunga kamba kwenye bampa. Baba mkubwa alisimama juu ya tuta kama yuko gwarideni.

"Pamoja! Vuta! Nyie mmekula nini, maharage mabichi?"

Gari likatoka. Mama mmoja mwenye buti za mpira akashuka, akamsogelea baba mkubwa.

"Shikamoo, afande. Mimi ndiye daktari."

"Marahaba. Huyo dereva wako awekwe rumande."

Tulicheka mpaka tukashikilia majembe tusianguke.

Barazani daktari alimuuliza mambo. Hakujua siku, na alipoulizwa mkewe ni nani, alisema ni nesi. Daktari akakishika kile kifundo chenye kovu, akasema huu ni ugonjwa wa ubongo, si pepo wala laana, na kamba haiutibu. Nesi wa zahanati atakuja kila wiki, dawa hatutazichangia, na yeye daktari mwenyewe atarudi kuendelea na uchunguzi.

"Na akipotea?" baba mdogo aliuliza.

"Si mna pembe?"

Jioni gari liliposhuka, kamba bado ilining'inia kwenye bampa, inaburutika matopeni. Baba mdogo akapiga kelele, "Kamba yetu!"

"Iache iende," akasema mama mkubwa.

Nesi alikuja wiki iliyofuata, na baada ya hapo hakuacha kuja. Baba mkubwa alipotea tena mara kadhaa, na kila mara pembe ililia, kijiji kizima kikatoka, akarudishwa kwa nyimbo. Kamba nyingine hatukununua.